Usiache Mbachao: Somo la Filamu ya Kanivali kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walituusia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha, na wengi wetu tuliotahiniwa kwayo tulipata alama za kuridhisha. Hata hivyo, ni nadra mtu kuiona ikiigizwa mbele ya macho yake hatua kwa hatua, tangu kuachwa kwa mbachao hadi kurudiwa kwake kwa aibu. Mwandishi wa makala haya aliiona ikiigizwa mahali ambapo hakutarajia kabisa: katika filamu ya Brazil iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini Rio de Janeiro mnamo Januari 1936. Filamu hiyo inaitwa Alô, Alô, Carnaval! Ni filamu ya nyimbo na vichekesho, iliyotengenezwa kwa haraka ili iwahi msimu wa kanivali, yaani siku za shamrashamra zinazotangulia Kwaresima.

Makala haya yanakusudia kuitetea filamu hiyo, na kupitia kwayo kuitetea sanaa chekeshi kwa jumla, mbele ya wasomi ambao huipa kisogo. Utetezi huu, hata hivyo, hautakuwa wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Filamu yenyewe ina dhambi yake, na msomi anayeipenda sanaa hana budi kuitaja dhambi hiyo kwa jina.

Kisa ni chepesi. Watunzi wawili mafukara, wanaoigizwa na Barbosa Júnior na Pinto Filho, wameandika onyesho la jukwaani lenye nyimbo na mizaha. Onyesho hilo wameliita Banana da Terra. Kwa Kireno cha Brazil, jina hilo hutaja aina ya ndizi ya kupika, lakini ukilitafsiri neno kwa neno utapata 'ndizi ya nchi hii'. Watunzi hawa wanamwendea mkurugenzi wa kasino moja iitwayo Mosca Azul, yaani Nzi wa Buluu, ili agharamie onyesho lao. Mkurugenzi, anayeigizwa na Jaime Costa, anawafukuza. Anayemsubiri ni kundi la wasanii kutoka Ufaransa. Ndizi ya nchi hii ina faida gani kwa mtu aliyekwisha kuagiza karamu ng'ambo? Kwa bahati, kundi la Wafaransa halifiki. Ukumbi uko tayari, wateja wanakuja, na jukwaa ni tupu. Mkurugenzi analazimika kuwaita wale wale aliowafukuza. Kuanzia hapo filamu inageuka kuwa msururu wa nyimbo, moja baada ya nyingine, huku vichekesho vikizishikanisha kama uzi unavyoshikanisha shanga.

Hicho ndicho kisa kizima. Msomi aliyezoea kusaka dhamira nzito katika tamthilia ataguna. Lakini tukitulia kidogo tutaona kwamba kisa hiki chepesi kimebeba swali zito: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua ni sanaa ipi inafaa kupanda jukwaani, na ni kwa nini ya kwetu huitwa tu pale ya wageni inapokosekana? Filamu haikulitungia swali hilo hotuba. Ililitungia kicheko, na hadhira ya Rio ikalielewa.

Ili tuelewe ni kwa nini hadhira hiyo ililielewa, yafaa tutazame mazingira yaliyoizaa filamu. Mwongozaji wake alikuwa Adhemar Gonzaga, mwanahabari wa sinema aliyeshiriki kuanzisha jarida la Cinearte mwaka wa 1926, kisha akaanzisha studio ya Cinédia jijini Rio mwaka wa 1930. Mshirika wake katika utayarishaji alikuwa Mmarekani, Wallace Downey, aliyekuwa amefanya kazi katika biashara ya sahani za santuri nchini Brazil. Hadithi iliandikwa na João de Barro na Alberto Ribeiro, ambao wote wawili walikuwa watunzi wa nyimbo za kanivali. Kwa hiyo wenye kalamu walikuwa watu wa wimbo kabla ya kuwa watu wa sinema, na jambo hilo linajidhihirisha katika kila pembe ya kazi yao.

Jina la filamu nalo lina siri yake. 'Alô, alô' ni mwito wa mtangazaji wa redio anapowaamkua wasikilizaji. Utangazaji wa redio ulianza nchini Brazil mapema katika miaka ya 1920, lakini ulishamiri baada ya mwaka wa 1932, serikali ya Getúlio Vargas ilipoziruhusu stesheni kurusha matangazo ya biashara. Fedha za matangazo zilizaa mishahara, na mishahara ikazaa nyota. Waimbaji kama Carmen Miranda, dada yake Aurora, Francisco Alves na Mário Reis wakawa sauti zinazojulikana katika maelfu ya nyumba. Watu waliwajua kwa masikio. Filamu iliwapa nafasi ya kuwajua kwa macho. Mkazi wa mji mdogo, aliye mbali na kumbi za Rio, aliweza kulipa kiingilio cha sinema na kumwona Carmen Miranda akicheka, akitikisa mabega na kuigeuza silabi moja kuwa mzaha. Leo, tunapomwona msanii yeyote kwa kubofya simu, tunaweza tu kukisia jinsi jambo hilo lilivyokuwa kubwa.

Kuna sababu nyingine ambayo mwanafunzi wa lugha hapaswi kuipita. Sinema ilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilisema kwa Kiingereza. Enzi ya sinema bubu, filamu ya Hollywood ilihitaji maneno machache yaliyotafsiriwa, na picha ikamalizia kazi. Sauti ilipoingia, mtazamaji wa Brazil alilazimika kusoma tafsiri chini ya picha muda wote wa filamu. Ilhali sensa ya mwaka wa 1940 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini humo hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa mtu wa aina hiyo, sinema ya kigeni ilikuwa imefunga mlango. Filamu ya kanivali ndiyo iliyoufungua. Ilisema Kireno, tena Kireno cha barabarani na cha kibarazani, chenye kejeli zake na matamshi yake, si Kireno cha Lisbon kilichofunzwa kwa fimbo shuleni. Mtu aliyeingia akiwa hajui 'a' wala 'be' alitoka akiwa amecheka kila penye kichekesho. Hatuhitaji nadharia ya kigeni kutueleza uzito wa jambo hilo. Sisi tunaodai kila mwaka kwamba Kiswahili ni lugha ya mwananchi tunapaswa kuwa wa kwanza kuling'amua.

Tuzitazame sasa nyimbo zenyewe, kwa kuwa ndizo roho ya filamu. Zinazidi 20. Nyingi zimepigwa picha kwa namna ya kawaida mno: kamera imesimama mbele ya jukwaa kama mtazamaji aliyenunua kiti cha katikati, mwimbaji anaimba, pazia linafungwa. Hakuna ufundi mkubwa wa picha hapa, wala hatutaubuni. Lakini palipo na msanii aliyekomaa, usahili huo unageuka kuwa faida. Wimbo unaokumbukwa zaidi ni Cantores do Rádio, yaani Waimbaji wa Redio, uliotungwa na Lamartine Babo akishirikiana na waandishi wawili wa filamu. Unaimbwa na dada wawili, Carmen na Aurora Miranda, wakiwa wamevaa suti za suruali zinazometameta na kofia ndefu za kiungwana. Wanawake wawili wamevaa mavazi ya mabwana wa kasino, nao wanasherehekea kazi ya kuimba. Usipepese macho. Katika dakika chache hizo, kamera tuli inashika kitu ambacho hakuna maandishi yangeweza kukihifadhi: jinsi Carmen anavyoitawala hadhira kwa jicho na kidole.

Pamoja na hayo yote, wasomi wa Brazil waliidharau aina hii ya filamu kwa muda mrefu. Waliipa jina la chanchada, ambalo awali lilikuwa tusi la kumaanisha kazi duni, isiyo na thamani. Wahakiki wa magazeti waliichapa kwa kukosa ustadi. Vijana wa harakati ya Cinema Novo, wakiongozwa kwa sauti kali na Glauber Rocha katika miaka ya 1960, waliichapa kwa kosa tofauti: kwamba inawalaza wanyonge kwa kicheko badala ya kuwaamsha. Haya ni mashambulizi kutoka pande mbili zinazopingana, moja ikitaka umaridadi, nyingine ikitaka mapinduzi, na zote zikikubaliana kwamba kicheko cha mlalahoi si jambo la kusomwa. Ni mwaka wa 1973 ambapo mhakiki Paulo Emílio Salles Gomes, katika insha yake mashuhuri kuhusu sinema na hali ya kutoendelea, alipowakumbusha wasomi wenzake kwamba filamu hizo duni ndizo zilizoweka uhusiano wa kweli kati ya sinema ya Brazil na umma wa Brazil. Tangu hapo utafiti umeongezeka, na chanchada limekuwa jina la utanzu badala ya tusi.

Hapa ndipo mtetezi mzembe angeweka kalamu chini. Angesema kwamba watu wa kawaida walishinda, dharau ikaaibika, na sanaa ya nchi ikapewa jukwaa. Lakini mtazamaji akiuliza ni nani aliyefukuzwa na mkurugenzi wa kasino, hana budi pia kuuliza ni nani ambaye hata hakufika mlangoni.

Muziki uliokuwa ukiuzwa Rio wakati huo chini ya jina la samba ulikuwa na wazazi wanaojulikana. Ulilelewa katika nyumba za wanawake weusi waliotoka Bahia, kama Tia Ciata, katika mtaa wa Praça Onze na viunga vyake. Wimbo Pelo Telefone, uliosajiliwa na Donga mwaka wa 1916, hutajwa sana kama samba ya kwanza kurekodiwa na kupata umaarufu mkubwa. Mwaka wa 1928, katika mtaa wa Estácio, Ismael Silva na wenzake waliunda kikundi cha Deixa Falar, kinachohesabiwa kuwa chimbuko la shule za samba tunazozijua leo. Hawa walikuwa watu weusi, wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliotumwa katika nchi iliyofuta utumwa kisheria mwaka wa 1888 tu. Brazil ilipokea Waafrika wanaokadiriwa kuwa karibu milioni 5 katika biashara ya utumwa, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya mabara ya Amerika.

Sasa itazame Alô, Alô, Carnaval! ukiwa na maarifa hayo. Nyuso zinazojaza skrini ni za nyota wa redio, na takriban wote ni watu weupe. Pierrô Apaixonado, mojawapo ya nyimbo zake zinazopendwa mno, uliimbwa na Joel na Gaúcho, lakini mmoja wa watunzi wake wawili, Heitor dos Prazeres, alikuwa msanii mweusi aliyekulia katika mazingira yale yale ya Praça Onze. Kalamu yake iliingia kasino. Francisco Alves, mmoja wa waimbaji wakuu wa filamu, anafahamika katika historia ya muziki wa Brazil kama mtu aliyenunua samba kutoka kwa Ismael Silva mwishoni mwa miaka ya 1920, akazirekodi na kuliweka jina lake kwenye orodha ya watunzi. Biashara hiyo haikufichwa, na mtunzi alilipwa. Lakini malipo ya siku moja kwa kazi inayodumu miaka 80 ni bei ya nani?

Jambo hili halikutokea kwa nasibu. Cinearte, jarida ambalo Gonzaga alikuwa mhimili wake, lilikuwa na msimamo kuhusu sura ambayo Brazil ilipaswa kuionyesha dunia. Lilitaka usasa, vijana warembo, majumba maridadi na mwangaza wa Hollywood. Baadhi ya maandishi yake yalilalamika waziwazi pale filamu zilipoonyesha umaskini na watu weusi, kana kwamba hao ni uchafu wa kufagiliwa chini ya mkeka kabla mgeni hajabisha hodi. Kwa hivyo yule yule aliyemcheka mkurugenzi wa kasino kwa kuithamini Ufaransa kuliko ndizi ya nchi yake, naye aliichagua ndizi aliyoona imemenywa vizuri.

Ushahidi kwamba njia nyingine iliwezekana upo, au tuseme ulikuwepo. Mwaka wa 1935 Humberto Mauro aliongoza filamu Favela dos Meus Amores, iliyotayarishwa na mwigizaji Carmen Santos. Kamera yake ilipanda kilimani, kwenye makazi ya maskini, ikawatazama watu wa samba nyumbani kwao. Filamu hiyo imepotea. Hakuna nakala inayojulikana kuwepo. Kwa hivyo tunapotaka kuiona kanivali ya Rio ya miaka ile kwa macho ya sinema, tunaangukia kasino ya Nzi wa Buluu, si kwa sababu kasino ilikuwa kubwa kuliko kilima, bali kwa sababu utepe wa kasino ulisalia.

Aliyebebwa na mkondo huu kwenda mbali zaidi ni Carmen Miranda. Mwaka wa 1939, katika filamu nyingine iliyoitwa Banana da Terra, jina lile lile la onyesho la kubuni la mwaka wa 1936, aliimba wimbo wa Dorival Caymmi akiwa amevaa vazi la wanawake weusi wa Bahia: kilemba, shanga na sketi pana. Mwaka huo huo akachukuliwa New York, na kutoka hapo Hollywood, ambako kilemba kilijazwa matunda hadi kikawa kikapu. Aliporejea Rio mnamo Julai 1940 na kupanda jukwaa la Cassino da Urca, aliwasalimu watu wake kwa Kiingereza. Ukumbi wa matajiri ukampokea kwa ubaridi. Walimwona amekuwa Mmarekani. Mwandishi huyu haoni kwamba lawama hiyo ilikuwa ya haki kamili. Wale wale waliokwazwa na salamu ya Kiingereza walikuwa wamezoea kuagiza Ufaransa kila kitu chao, tangu manukato hadi maonyesho. Hata hivyo, tukio lile linatukumbusha kwamba salamu haiwi neno tupu. Lugha unayoianza kuitamka ukifika nyumbani ndiyo inayowaambia wenyeji unawahesabu kuwa nani.

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza: kanivali ya Brazil na Kiswahili wapi na wapi? Jibu la kwanza ni la isimu. Neno samba lenyewe, kwa maoni ya wataalamu wengi, linahusiana na semba la Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola. Aidha, Kireno cha Brazil kimejaa maneno ya asili hiyo. Mtoto wa barabarani, mtundu, huitwa moleque, kutokana na muleke la Kimbundu lenye maana ya kijana au mtoto wa kiume. Mwanafunzi yeyote wa ngeli atatambua mara moja kiambishi mu- cha ngeli ya kwanza. Ila Kireno hakikukiona. Kilidhani ni sehemu ya mzizi, na leo wingi wake ni moleques, kiambishi cha umoja cha Kibantu mwanzoni na alama ya wingi ya Kireno mwishoni. Sisi nasi tumewahi kufanya kinyume chake: tulipopokea kitabu kutoka Kiarabu, tulidhani ki- ni kiambishi, tukazaa vitabu. Ni masikio mawili yaliyosikia kila moja kwa kanuni zake. Marimba nalo lilivuka bahari likabaki marimba, huku kwetu Kireno kikituachia meza, leso na bendera, na hata nanasi, tunda ambalo jina lake lilitoka katika lugha za wenyeji wa Brazil kabla Wareno hawajalileta pwani yetu. Msomi wa Kibantu asiyeitazama Brazil amejinyima tawi zima la ukoo wake.

Jibu la pili ni la fani yetu ya uhakiki, na ndilo lililonisukuma kuandika. Nilipokuwa mwanafunzi nilipendekeza kufanya utafiti kuhusu lugha ya vichekesho vya Kiswahili vya redio na runinga. Nilikuwa nimelelewa na vicheko hivyo. Jioni za Vitimbi, jirani zetu wasio na runinga walijaa sebuleni kwetu, na Mzee Ojwang alipotamka neno kwa lafudhi yake, bibi yangu, ambaye hakuwahi kuketi darasani, alikuwa wa kwanza kuliangua na kuwaeleza wengine kichekesho kilikokuwa. Jopo lililosikiliza pendekezo langu lilikuwa la wasomi waungwana, na halikunidhihaki. Liliniambia tu kwa upole kwamba nitafute kazi yenye uzito. Nikaenda kuandika kuhusu riwaya ambayo watu 20 walikuwa wameiandikia kabla yangu. Silaumu mtu. Lakini nilipomwona mkurugenzi wa Nzi wa Buluu akiwapungia mkono wale watunzi wawili ili waondoke, nilicheka kicheko chenye uchungu kidogo.

Sidai kwamba kila kichekesho ni sanaa bora. Vichekesho vingi ni vibovu, vinavyotegemea kejeli kwa makabila, matusi kwa wanawake na mizaha iliyochakaa. Sidai pia kwamba riwaya na ushairi wetu umekwisha kuchimbwa. Ninalodai ni kwamba uzito wa kazi haupimwi kwa urefu wa uso wa mtazamaji. Kicheko kina sarufi yake, kina historia, kina matabaka, na kama tulivyoona, kina watu kinaowaacha nje. Mhakiki asiyekichunguza hawezi kukisifu kwa haki wala kukishutumu kwa haki. Wale walioipuuza Alô, Alô, Carnaval! kwa kuwa ni upuuzi hawakuwa na nafasi ya kuliona kosa lake kuhusu watu weusi. Dharau na sifa za kupita kiasi zina tabia moja: zote mbili hazitazami kwa makini.

Isitoshe, kinachodharauliwa hakihifadhiwi. Alô, Alô, Brasil!, filamu iliyotangulia yetu kwa mwaka mmoja na iliyomshirikisha Carmen Miranda pia, imepotea. Ile Banana da Terra ya mwaka wa 1939 imepotea, isipokuwa sehemu ya wimbo ule wa Caymmi. Kati ya filamu alizoigiza Carmen nchini Brazil kabla ya kwenda Marekani, Alô, Alô, Carnaval! ndiyo tunayoweza kuketi na kuitazama kama filamu, nayo ilisalia kwa kuwa watu wa Cinédia, akiwemo Alice Gonzaga, binti wa mwongozaji, walijitahidi kuilinda na kuikarabati. Hata nchi iliyokwisha kutambua thamani ya hazina hii haijasalimika: mnamo Julai 2021 moto uliteketeza sehemu ya ghala la Cinemateca Brasileira jijini São Paulo. Filamu za zamani huungua upesi, na kanda za sauti huliwa na ukungu polepole. Tofauti ni mwendo tu.

Basi naomba mambo mawili, moja kwa wanafunzi wenzangu na jingine kwa walimu wetu. Kwa wanafunzi: kabla ya kuchagua mada ya utafiti, muulizeni mzee mmoja nyumbani ni kichekesho kipi cha Kiswahili anachokikumbuka, ni nani aliyekitamka, na watu walicheka nini. Kiandikeni pamoja na tarehe na mahali. Andikeni pia ni nani ambaye hakualikwa kucheka, na ni nani aliyefanywa kichekesho. Kazi hiyo haihitaji ufadhili, inahitaji daftari. Kwa walimu wetu waheshimiwa: mwanafunzi akija na Banana da Terra yake mkononi, msimngoje Mfaransa. Mkalisheni, mwulizeni maswali magumu kuliko mnayomwuliza mwenye riwaya, na akiyajibu, mpeni jukwaa.

Mkurugenzi wa Nzi wa Buluu alibahatika. Msala alioungoja haukupita, na mbachao wake alipourudia aliukuta bado uko pale alipoutupa. Si kila mwenye kuacha mbachao hupata bahati hiyo. Bibi yangu hayupo tena, na yale maelezo yake ya vichekesho, aliyoyatoa akiwa amesimama katikati ya sebule huku jirani wakishika mbavu, hakuna aliyeyaandika.